Skrubu ya Ubao wa Idi

Jamaa zangu wa Kunduchi, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza pale barazani ilikuwaje, na kabla sijamaliza sentensi mbili mmeshaanza kucheka. Wengi mmelipata jambo lenyewe kwa Maganga, naye mnamjua, hata msiba akiusimulia watu hushika mbavu. Basi nimeandika. Mtu akisoma peke yake hana wa kumkonyeza, huenda akafika mwisho.

Kunduchi

Mdogo wangu Idi mnamkumbuka pale hotelini, akikodisha vifaa vya ufukweni na kuwaangalia wageni wasizame. Mgeni mmoja alipoondoka alimwachia ubao wake wa kupandia mawimbi, mweupe, mwepesi, mrefu kumpita mtu, na chini yake kwa nyuma una pezi kama la papa. Hoteli ilipouzwa nasi tukapunguzwa kazi, ubao ulibaki stoo, maana Idi alikuwa ameshaanza kuumwa. Tukampeleka kwa mama, Chamazi.

Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho kabla ya safari hii, alikuwa amebaki macho tu. Kutwa kucha alilala katika chumba ambacho dirisha lake halipitishi hata paka, na mama peke yake hakuweza kumtoa nje.

"Kaka, niletee ubao wangu," akaniambia. "Nikilala juu yake, mama na jirani wananibeba mpaka uani. Hauna uzito ule."

Nikamwambia hata mlango ungefaa. Akageuza uso ukutani, halafu akasema, "Pezi ulifungue, linashikwa na skrubu moja tu, ili ubao ukae sawa chini. Ila usilikate, kaka. Nikipona nitalirudisha."

Hapo ndipo ulipokuwa uzito wa safari nzima. Kulikata pezi ni kazi ya dakika tano. Lakini nikimpelekea ubao uliokatwa pezi, ningekuwa nimemwambia waziwazi kwamba hatapona. Mimi nilijua hatapona, na mama alijua. Sikutaka yeye alijue jambo hilo kutoka mikononi mwangu.

Tulianza baada ya sala ya alfajiri, mimi na Maganga, aliyekuwa mtunza bustani wa hoteli. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo, watani wa tangu enzi za mababu, kwa hiyo tangu tufahamiane hajawahi kunisemesha kwa adabu. Mlinzi alitufungulia stoo. Tukaupindua ubao, nikaiona skrubu yenyewe, imezama ndani ya kitundu chake, kichwa cha nyota, imeshikwa na kutu ya chumvi.

Bisibisi ya nyota sikuwa nayo. Mwenye akili angekwenda kuazima. Mimi nilichukua bisibisi bapa, nikabana, nikazungusha, ikateleza. Nikabana tena kwa hasira, ikateleza. Mara ya sita au ya saba nikaisikia inazunguka laini bila kushika kitu. Nilipochungulia, nyota yote ilikuwa imelika, kimebaki kishimo cha mviringo.

"Umeshainyoa, Mzaramo," Maganga akasema. "Sasa utaikamata wapi?"

Niliitupa bisibisi mchangani. Hasira yangu mnaijua, imeniponza mara nyingi, lakini sikumbuki siku nyingine iliyonitia uchungu kama ile.

Kwenda Tandale kwa lori la kokoto

Tuliufunika ubao kwa shuka mbili nyeupe za hoteli, ambazo Maganga alizipata nisikotaka kujua, tukapanda lori lililotoka machimboni na kokoto. Dereva alitaka kujua mlango huo unakwenda wapi. Nikamwambia si mlango. Akaniuliza basi ni nini, nikamweleza, akaniangalia, akasema kwao Singida hawana vitu hivyo, na hakuongea tena mpaka Mwenge.

Mwenge tairi likapasuka. Jeki hakuwa nayo. Tulikaa pale juu ya kokoto jua likipanda, tukila mihogo ya kuchoma yenye pilipili nyingi, na kila lori lililosimama kutusaidia lilikuwa na jeki ndogo isiyoinua mzigo ule. Saa mbili zilipita hivyo, mpaka likaja lililokuwa na jeki kubwa. Nilikuwa nikimfikiria Idi akisikiliza kila hatua inayopita nje, maana nilimtumia salamu kwamba siku hiyo nitafika asubuhi.

Tandale, pembeni ya soko, tulimkuta fundi baiskeli, kijana mwenye mikono myeusi kwa grisi na maneno mengi. Akaichungulia skrubu.

"Hii ishu ndogo, braza. Mie nimefungua pedeli zilizokaa miaka kumi."

Akaleta patasi na nyundo. Aliiweka patasi ukingoni mwa kile kichwa, akawa anaigonga kwa upande ili izunguke kurudi nyuma. Kwa chuma cha baiskeli huenda ndivyo inavyotakiwa. Kwa ubao ule, kila akigonga, kile kikasha cha plastiki kilichoshika pezi kilikuwa kinalia. Pigo la nne likatokea ufa, mwembamba, urefu wa ukucha.

"Acha!" nikapiga kelele. "Acha, umeshapasua!"

"Sasa wewe unataka nini, braza? Leta msumeno tulikate, biashara iishe."

Watu walikuwa wameshajaa, kama mnavyojua Tandale, wachukuzi wamesimama na magunia kichwani wakitoa maoni. Mmoja alisema tumwagie maji ya moto. Mwingine alisema tuchome moto. Mama mmoja aliyekuwa akiuza wali na maharage aliuliza ubao ni wa nini, nami, sijui kwa nini, nikamwambia yote, kuhusu Idi na kuhusu uani. Akapakua wali sahani mbili bila kuombwa.

"Kateni tu, baba angu," akasema taratibu. "Mgonjwa ataogelea wapi?"

Wali ulikuwa mzuri, nami nikaiweka sahani chini. Akaniona, nadhani alijuta, maana baada ya muda alirudi akasema, "Hizo skrubu ndogo si za mafundi baiskeli. Ni za watu wa cherehani. Kuna Mhindi yuko Temeke, cherehani ya dada angu ilishindikana mji mzima, yeye kaifungua."

Tandale hadi Temeke

Sehemu hii nitaifupisha, maana ni miguu tu. Mchukuzi mmoja alikuwa na mkokoteni wa mchele unaokwenda Chang'ombe, akakubali ubao ulale juu ya magunia, sisi tusukume. Tulisukuma Magomeni yote, tukapita Kigogo, tukateremka na kupanda. Maganga alisema amesafiri kutoka Tabora mpaka pwani bila kuchoka, leo anauawa na Mzaramo kwa ajili ya skrubu. Nikamwambia anyamaze. Tulikuwa tumeanza kuchokana.

Temeke, kwa fundi cherehani

Bwana Murtaza alikuwa mtu mzima, mwembamba, kanzu nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Kwao wamekaa Temeke tangu babu yake. Duka lake lilikuwa na cherehani nyingi zilizofunikwa vitambaa, na hakuna hata moja iliyokuwa ikitengenezwa. Tulipoingia na ubao alitikisa mkono kabla hatujasema.

"Sinunui, sinunui. Kila siku mtu analeta kitu cha kuuza."

"Shikamoo, mzee. Hatuuzi. Kuna skrubu."

"Marahaba. Skrubu?"

Neno hilo lilimwamsha. Alitoka nyuma ya meza, akapiga magoti sakafuni, akawasha tochi ndogo. Alitazama muda mrefu. Kisha akauliza nani ameifanya hivi. Nikasema ni mimi.

"Haraka," akasema, basi.

Akadondosha mafuta ya cherehani, tone moja, akatuambia tukae. Tukakaa. Mkewe akaleta chai ya tangawizi na kaukau. Baada ya muda akadondosha tone la pili. Maganga akauliza kama tunasubiri iote. Mzee akamwambia kwa upole kwamba zamani vyumba hivi vilijaa washonaji wakisubiri, sasa watu wanavaa mitumba, cherehani zinakufa kwa kukosa kazi, kwa hiyo yeye muda anao mwingi sana. Alisema hivyo bila kulalamika, na ndiyo maana iliniuma.

Kisha akaipasha moto skrubu kwa pasi ya kulehemu, akisogeza ncha na kuiondoa, akiilinda ile plastiki kwa kitambaa kibichi. Akachukua bisibisi kuukuu, akainoa kwa tupa mpaka ncha ikawa ya pembe nne, nyembamba chini, nene juu. Akaiingiza katika kile kishimo, akaigonga kidogo kwa nyundo isiyozidi kijiko, mpaka ikauma chuma. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akaizungusha kwa upande wa kukaza.

"Mzee, unaikaza!"

"Ndiyo. Kutu ikatike kwanza. Ukiivuta tu kwa nguvu, inakuachia kichwa mkononi."

Ilisogea kidogo sana, nikaisikia ikilia. Akarudisha. Akakaza tena, akarudisha zaidi. Ilipotoka yote aliiweka kwenye kiganja changu ikiwa bado ya moto, kakitu kadogo kuliko punje ya hindi. Siku nzima, mji mzima, kwa ajili ya kale. Pezi lilichomoka lenyewe, zima, halina hata mkwaruzo. Nililia mbele ya wazee wale, na sioni aibu kuwaambia.

Mkewe alitikisa kichwa alipoona jinsi tulivyoufunga ubao. Akazivuta shuka zikabana vizuri, akachana kitambaa vipande vitatu, akafunga kimoja mbele, kimoja katikati, kimoja nyuma. Alifunga kwa mikono iliyozoea kazi. Wala mimi wala Maganga hatukufikiri tunaangalia nini.

Mbagala hadi Chamazi

Lori lililokuwa linakwenda kufuata mkaa lilituacha Mbagala baada ya alasiri. Kutoka pale kwenda kwa mama ni miguu, njia ya mchanga kati ya maduka na nyumba, halafu mikorosho. Tukautwika ubao mabegani, mimi mbele, Maganga nyuma. Pezi nililitia mfukoni.

Sasa fikirini. Kitu kirefu, kimefungwa shuka nyeupe, kimekazwa sehemu tatu kama sanda, kipo mabegani mwa watu wawili waliochoka, saa ambayo watu huzika. Pezi lingekuwepo, nani angedanganyika? Wanaume waliokuwa wakicheza bao kwenye kibaraza cha duka la kwanza wakanyamaza. Mmoja akavaa kofia yake. Wakainuka.

Hawakuuliza, na hapa kwetu nani huuliza? Jeneza likipita unainuka, unatia bega, unakwenda hatua zako, unamwachia mwingine. Wakasema kwamba masikini, hata jeneza hawakupata. Bega moja likaingia chini ya langu, nikasukumwa nyuma taratibu kama inavyofanywa, akaingia mwingine, na mwingine. "La ilaha illallah," wakaanza. Nikajikuta natembea nyuma, mikono mitupu, na watu wanaongezeka kila duka.

"Mwepesi," nilimsikia mmoja.

"Siku hizi wote wepesi," mwenzake akajibu.

Maganga ndiye aliyesema. Hilo mlijue, maana mnamcheka yeye. Aliruka mbele akapunga mikono.

"Jamani, sio maiti! Ubao huu! Mnabeba ubao wa Mzaramo, wajinga nyie!"

Watu wakatabasamu kwa huzuni. Mzee mmoja akawaambia wenzake, "Mtani huyo. Mwacheni afanye kazi yake." Na kweli, msibani mtani huruhusiwa yote, hulala kaburini akidai ada, humtukana marehemu. Kadiri Maganga alivyoapa ndivyo walivyozidi kuamini.

"Muulizeni mwenyewe!" akapiga kelele, akanionyesha mimi. "Hamisi, waambie!"

Wakageuka wote kuniangalia. Nilipaswa kusema. Neno moja tu lilitosha. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, mtu nisiyemjua alikuwa amenishika mkono, mwingine ananisugua mgongo akisema pole, braza, ndiyo njia yetu sote. Miezi yote ile ya ugonjwa wa Idi hakuna aliyenishika mgongo. Maradhi yale watu walikuwa wakiyapita mbali. Niliinamisha kichwa. Nilinyamaza, na ukimya ule ndio ulioingia nyumbani kwa mama ukiwa na watu wasiopungua hamsini.

Mama alitusikia tangu mikoroshoni. Idi alikuwa ndani, hai, kwa hiyo kwake maiti iliyoletwa na watu ilikuwa moja tu, mtoto wake mkubwa aliyekwenda mjini na hakufika asubuhi. Nilimkuta ameanguka mlangoni, anaita jina langu. Nilimshika uso, "Mama, niko hapa, mimi huyu," na hakunisikia mpaka nilipomtikisa.

Kutoka chumbani sauti ya Idi ikauliza, nyembamba, "Kafa nani?"

Dhikri yao ikakatika. Nikafungua vile vitambaa vitatu mbele yao, shuka ikaanguka, ubao ukaonekana. Sitasahau nyuso zile. Mwashi mmoja, mikono yake ina saruji, aliyebeba kutoka duka la kwanza mpaka pale bila kuachia, alinisogelea.

"Tumesoma, tumeomba dua, tumeacha kazi. Umetufanya wajinga mbele ya Mungu. Kwa nini hukusema?"

Wakaondoka mmoja mmoja. Maganga alikaa chini ya ukuta na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani.

Tuliuingiza ubao, tukamlaza Idi juu yake, tukamtoa uani. Ulikaa sawa chini kama alivyosema. Alipapasa mahali pa pezi, vidole vikaingia katika ule mwanya, vikauona ufa. Nikalitoa pezi mfukoni, na skrubu, nikampa.

"Hukulikata," akasema.

"Sikulikata."

Aliliweka kifuani. Jua lilikuwa limebaki kidogo juu ya mikorosho, akalitazama muda mrefu bila kufumba macho. Halafu akaniuliza, "Walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Walijua wanambeba nani?"

"Hapana."

"Na bado wakaja." Alitabasamu, meno yote yakaonekana, jinsi alivyokonda. "Basi kaka, sitakosa watu."

Njia ileile

Mpaka hapo ndipo Maganga huishia, nanyi hucheka. Yeye hakuwepo safari ya pili, alikuwa amekwenda kwao.

Idi alitolewa uani kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili na siku chache. Alizidiwa, tukampeleka hospitali, akafia huko. Gari la kuazima lilimrudisha mpaka Mbagala, likazama mchangani pale penye maduka, likagoma. Makaburi yetu yako Chamazi. Tukamtoa, safari hii na jeneza la msikiti, kijani, na tukamtwika tukiwa wanne, mimi na binamu zangu watatu, baada ya alasiri.

Wale wacheza bao walikuwepo. Walituona. Mmoja alianza kuinuka, mwenzake akamshika kanzu.

"Kaa. Hao wale wa ubao."

Akakaa. Tulipita duka la kwanza, la pili, la tatu. Watu walikuwa wamesimama milangoni wanaangalia, mmoja anacheka amejiziba mdomo, na mwashi yule alikuwa juu ya ukuta wake na mwiko mkononi, akatupa mgongo. Siwalaumu. Bega langu lilikuwa linawaka na binamu mmoja alikuwa ameanza kuyumba, na hakuna bega jingine lililoingia. Idi aliniambia hatakosa watu, na mimi ndiye niliyemkosesha.

Basi nikasimama katikati ya njia, jambo lisilofanywa, nikapaza sauti mbele ya maiti, jambo lisilofanywa, nikawaita wale watu wote wa madukani.

"Leo ni mtu, jamani! Wallahi ni mtu! Ni mdogo wangu!"

Hawakusogea. Nikawaambia binamu zangu tushushe. Tukamweka chini kwenye mchanga, nikafunua kitambaa cha jeneza kwa mikono yangu, wakaiona sanda, na umbo lililomo ndani yake. Mwashi ndiye aliyeteremka kwanza ukutani. Alifuta mikono kwenye suruali, akanisogeza pembeni, na jeneza lilipoinuliwa akaingiza bega lake.